Sura ya Nalini, Jina la Hemlata

Picha iliyokuwa ndani ya pasipoti ya Hemlata haikuwa ya Hemlata. Ilikuwa ya wifi yake, Nalini. Aliyeipiga ni Amrik Singh wa Ruiru, na aliyeandika nyuma yake, kwa wino na kwa mkono wake mwenyewe, kwamba anamjua mwanamke huyu na hii ndiyo sura yake, ni huyo huyo Amrik Singh. Afisa wa bandari kule Mombasa aliitazama picha, akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake, akaitazama picha tena, kisha akaitia pasipoti kwenye droo yake. Meli iling'oa nanga saa kumi jioni bila Hemlata. Hiyo ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na mbili Julai, mwaka wa hamsini na tano. Mama yake Hemlata alikuwa amelala kijijini kwao Gujarat na uvimbe tumboni. Hakuwa na mtoto mwingine.

Amrik alikuwa mtu wa miaka hamsini na mmoja, mpana wa kifua, ndevu zimeanza kuingia majivu. Shule aliiacha darasa la nne. Baba yake alikuwa fundi wa reli, na yeye naye angekuwa fundi wa reli kama si kamera aliyoinunua kwa Mgoa mmoja aliyekuwa akihama. Studio yake ilikuwa Ruiru, hatua chache kutoka stesheni, kati ya fundi cherehani na ghala la magunia. Watu walimwita Kalasinga wa Picha. Tangu hali ya hatari itangazwe, studio hiyo haikuwa na nafasi ya kutema mate. Serikali ilitaka kila Mkikuyu awe na pasibuku, kile kitabu cha kibali, na pasibuku ilitaka sura, basi waliletwa kutoka mashamba ya kahawa wakapangwa mlangoni, hamsini kwa siku, askari kasimama na rungu. Amrik aliwapiga picha kama mtu anayehesabu matofali. Kaa. Inua kidevu. Toka. Mwingine.

Kazi hiyo ilimlisha, lakini haikumpa fahari. Fahari yake ilikuwa mahali pengine. Ofisi ya Serikali ya India kule Nairobi ilikuwa na orodha ya watu wa kuaminika katika kila mji wenye Wahindi, watu ambao neno lao lilitosha. Anayetaka pasipoti alipeleka picha iliyoandikwa nyuma na mmoja wao: namjua huyu, hii ni sura yake. Upande wa Thika na Ruiru walikuwa wanne. Daktari mmoja, wakili mmoja, Mwalimu Jyoti wa shule ya wasichana, na Amrik Singh wa darasa la nne. Kwa kazi hiyo alikuwa na kalamu yake ya pekee, na hakuwahi kuiandikia kitu kingine, hata barua kwa ndugu zake.

Sasa turudi nyuma kidogo, mwezi wa kwanza wa mwaka huo. Ofisi ilikuwa imetangaza kwamba mwanamke anayetaka kusafiri peke yake lazima awe na pasipoti yake, asiandikwe tu kwenye ya mumewe. Himatlal wa Thika, mwenye kinu cha unga na mwenyekiti wa chama cha Wahindi pale mjini, aliamua kwamba nyumba yake itakuwa ya kwanza kutii, ili wengine waone. Alimwita Amrik nyumbani kwake na kamera yake ya miguu mitatu. Amrik akawapiga wote barazani, mmoja mmoja: Himatlal mwenyewe, mkewe, mwanawe Indravadan, binti yake Nalini. Ikafika zamu ya Hemlata, mke wa Indravadan, na hapo ndipo kazi ilipokwama.

Katika nyumba hiyo mkazamwana hamwonyeshi uso baba mkwe wake. Hawaonyeshi uso wake hata kaka zake baba mkwe, wala yeyote ambaye baba mkwe humwita kaka. Himatlal alikuwa akimwita Amrik kaka kwa miaka kumi na saba, tangu mwaka ule walipozima pamoja moto uliotaka kula ghala la kinu. Kwa desturi, basi, Amrik alikuwa mkwe. Alikuwa ameingia nyumba ile mara mia na hajapata kumwona Hemlata zaidi ya mikono. Mikono ileile ndiyo iliyotokeza mlangoni sasa, na ushungi umeteremka mpaka chini ya kidevu. Himatlal alikuwa juu ya bembea yake ya mbao, anajisukuma kwa kidole gumba cha mguu, wala hakuonyesha dalili ya kuondoka.

"Mpige Nalini," alisema. "Wanalingana kimo, wanalingana umri. Nani hutazama uso wa mwanamke? Hutazama muhuri."

"Kaka, mimi ndiye nitakayeandika nyuma," Amrik alisema.

"Ndiyo maana nimekuita wewe, Sardarji. Ningetaka maswali ningemwita Mwalimu Jyoti."

Watu wa pale walicheka. Nalini aliona ni mchezo. Hemlata alivua mkufu wake wa ndoa, ule wa shanga nyeusi ambao mwanamke wao havui maadamu mumewe yu hai, akaupitisha mlangoni. Nalini akauvaa. Akajipaka na ule unga mwekundu kwenye mstari wa nywele, unga wa mwanamke aliyeolewa, akakaa mbele ya kamera kama mke wa kaka yake mwenyewe. Amrik akabonyeza. Siku ya tatu aliketi studio na kalamu yake ya fahari, akaandika jina la Hemlata nyuma ya sura ya Nalini, akatia sahihi. Hakuna aliyemshika mkono. Himatlal alimpelekea kisanduku cha peremende za maziwa zenye lozi, na Amrik alizila zote.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sasa Mombasa imekataa, na Jumatatu asubuhi Indravadan akaja Ruiru.

Alikuwa kijana mwembamba aliyezoea kusimama nyuma ya baba yake hata baba yake asipokuwepo. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaeleza mambo yote akitazama viatu vyake. Afisa wa bandari alikuwa ameituma pasipoti Nairobi, kwenye ofisi iliyoitoa. Jumamosi afisa wa ofisi hiyo angekuja Thika, kwa maana kila miezi mitatu alikuja kukaa siku moja katika ukumbi wa chama ili watu wa huku wasilazimike kwenda kupanga foleni mjini. Angekuja na pasipoti hiyo, na angeuliza. Baba alikuwa ameshapanga. Hemlata angeletwa ukumbini akiwa amefunikwa. Afisa mwenye malezi hawezi kumwambia mkazamwana wa mwenyekiti afunue uso mbele ya wanaume mia mbili. Angemuuliza Amrik. Amrik angesema ndiyo, picha ni ya huyu, ila amekonda kwa kumlilia mama yake. Afisa angerudisha pasipoti, nayo ingewekwa katika sefu ya kinu na mambo yakaishia hapo.

Amrik alimwacha amalize. Kisha akauliza, "Na safari?"

"Baba anasema mama yake atakufa, Hemlata akiwepo au asipokuwepo."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi?" Indravadan aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Baba ameshasema."

Alichokisikia Amrik alifikiri ni chuki kwa kijana yule, kumbe ilikuwa kinyaa, na si kwa kijana peke yake. Akamuuliza kwa nini baba yake asiende tu kwa afisa, aseme ukweli, apewe pasipoti nyingine. Indravadan akamweleza kama mtu anayemweleza mtoto. Nalini alikuwa ameposwa na watu wa Jinja, watu wa pamba, wakubwa. Wakisikia kwamba msichana waliyemposa alivaa mkufu wa ndoa wa mke wa kaka yake, akajipaka unga wa ndoa, akapigwa picha na kupelekwa serikalini kama mke wa kaka yake, posa hiyo ingerudishwa siku hiyohiyo. Na baada ya hapo, nani mwingine angemtaka?

"Kwa hiyo mmoja akose mama ili mwingine apate mume," Amrik alisema.

"Amrikbhai, wewe ndiye uliyebonyeza," Indravadan alijibu, kwa sauti ndogo, akaondoka.

Neno hilo lilimkaa. Jumanne hakula vizuri. Jumatano alipiga watu arobaini wa pasibuku na ikambidi kumi awarudie, maana alikuwa amesahau kutoa kifuniko cha lenzi. Hesabu zake alizipiga upande huu na upande ule, na zote zilitoka vibaya. Akisema uongo, Hemlata hasafiri. Akisema kweli, anajitangaza kuwa aliweka sahihi ya uongo mbele ya serikali mbili, ya India iliyomwamini na ya Kenya iliyompa leseni. Alitafuta njia ya tatu, kama mwizi anayetafuta dirisha, hakuiona. Lililomuudhi zaidi ni kwamba alikuwa akiitafuta.

Alhamisi lori la kinu lilisimama mbele ya studio likishusha unga kwa duka la jirani, na mwanamke mmoja akateremka. Alikuwa Wamboi, aliyefanya kazi nyumbani kwa Himatlal mwaka wa tisa sasa. Amrik alimjua kwa kumpokea chai mkononi. Alimkaribisha kiti, akakikataa. Alisema hana muda, pasi yake ya kutoka Thika ilikuwa ya lori lile tu, lori likirudi naye arudi.

"Nimetumwa," alisema. "Bibi mdogo anauliza kitu kimoja. Jumamosi utasema yeye ni nani?"

Amrik alimwambia amjibu kwamba bado anafikiri.

Wamboi alikitazama kile kiti cha wateja.

"Mwezi wa tatu nilikaa hapo," alisema. "Unakumbuka? Hukumbuki, tulikuwa wengi. Nilikuwa nimefunga kitambaa kichwani kwa sababu nilikuwa nimenyoa. Mama yangu alikuwa amekufa Gatundu na nilinyimwa pasi ya kwenda kumzika. Askari wako akakivuta kile kitambaa akakitupa chini pale. Mimi nikakutazama wewe. Wewe ukasema, inua kidevu."

"Yule hakuwa askari wangu," Amrik alisema.

"Kidevu kilikuwa changu lakini." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesahihisha bei. "Sasa mimi nashangaa. Sisi mlitufunua vichwa na hakuna aliyekufa kwa aibu. Huyu mmoja mliogopa kumwambia inua ushungi kidogo. Mkaona heri kuweka uso wa mwingine. Mama yangu mimi, nilizuiwa na Mzungu. Yeye anazuiwa na nani? Na watu anaowapikia."

Dereva alipiga honi. Wamboi akafunga shuka lake vizuri begani, akasema kwamba mjumbe hauawi, lakini Amrik akitaka kumpiga ampige, yeye atamwambia bibi mdogo kwamba alianguka kwenye lori. Amrik aliposikia lori limeondoka alifunga mlango wa studio mchana kweupe, na foleni ya pasibuku ikatawanywa hadi kesho yake.

Jumamosi ukumbi wa Thika ulikuwa umepambwa tangu alfajiri. Mashada ya maua, vitambaa mezani, sahani za jalebi na chevda, birika tatu za chai ya maziwa. Nje, ukutani, walikuwa wamekaa watu ambao shughuli hiyo iliitwa kwa ajili yao: fundi mawe mzee kutoka machimbo ya Kalimoni ambaye karatasi zake zililiwa na mchwa, mjane aliyetaka kumpeleka mwanawe kwa babu yake, karani aliyefukuzwa kazi shambani. Walikuwa wamefika saa kumi na mbili. Afisa alifika saa nne, akavishwa shada, akapewa chai, akasomewa hotuba. Himatlal ndiye aliyesoma. Ilizungumzia huduma, ilizungumzia heshima ya jina la Mhindi katika nchi ya ugeni, na ilikuwa na kurasa sita. Amrik alisimama nyuma kando ya kamera yake, aliyoileta kama alivyoileta kila mara, kwa kuwa hapakosi anayehitaji picha.

Saa tano na nusu ndipo kazi ilipoanza, na waliotangulia si wale wa ukutani. Alitangulia Himatlal. Hemlata aliletwa akiwa amefunikwa gubigubi, Wamboi amemshika kiwiko asijikwae. Indravadan alisimama upande. Nalini hakuletwa. Afisa alikuwa mtu mdogo wa miwani, mwenye sauti ya kuchoka. Akaifungua pasipoti juu ya meza na kuuliza kwa adabu kama yule bibi ndiye huyu. Himatlal akacheka kidogo, akasema vijana wa bandari siku hizi wanakunywa, na kwamba mkwewe amekonda kwa uchungu wa mama, afisa anajua mambo ya wanawake. Afisa alimtazama Hemlata, akaona nguo. Akamgeukia Amrik.

"Wewe ndiye uliyethibitisha?"

"Ndimi."

"Basi sema. Picha hii ni ya bibi huyu?"

Himatlal hakumtazama Amrik hata kidogo. Alikuwa na hakika naye kama mtu alivyo na hakika na meza yake. Hilo ndilo lililommaliza Amrik. Angemtazama kwa kumwomba, nani ajuaye, labda angeyumba.

"Hapana," Amrik alisema. "Hiyo ni picha ya binti yake, Nalini. Nilijua nilipoipiga na nilijua nilipoiandika. Huyu mwanamke sijamwona uso wake mpaka leo."

Sauti zikapanda ukumbini. Mmoja alisema Kalasinga amelewa. Mwingine akasema hii ndiyo shukrani ya mtu uliyemwita kaka. Himatlal alimwambia afisa, kwa Kigujarati, taratibu, kwamba mambo haya ni ya ndani ya nyumba, yazungumzwe kando baada ya chakula. Chakula kilikuwa tayari kwa watu thelathini.

Afisa alivua lile shada na kuliweka mezani.

"Bwana Himatlal," alisema, "ofisi yangu haina kazi ndani ya nyumba yako. Ina kazi na mtu ambaye jina lake liko hapa." Akagonga jina kwa kidole. "Nani ataniambia kwamba huyu ndiye?"

Wanaume wakatazamana. Katika wanaume mia mbili, hapakuwa na aliyeweza kusema kwamba ameuona uso wa Hemlata isipokuwa mumewe, na mumewe alikuwa anatazama viatu. Ndipo Mwalimu Jyoti aliposimama kutoka viti vya wanawake. Alisema yeye humwona kila Jumatano, Hemlata akija kujifunza Kiingereza, na kwamba angeulizwa mwezi wa kwanza angesema hivyohivyo. Akampeleka Hemlata katika chumba kidogo cha nyuma, wakatoka, akasema: ndiye, na leo hii nitaandika nyuma ya picha yake ikiwa ipo picha.

Picha haikuwapo. Sasa wote wakamtazama Amrik, hata waliokuwa wakimtukana, maana kamera ilikuwa yake. Na yeye bado alikuwa mkwe.

Hapo akafanya kitu ambacho baadaye kilimnyima raha kuliko yote. Alibeba kamera mpaka chumba cha nyuma. Akaweka kiti karibu na dirisha, akamwambia Wamboi akae, akapima mwanga usoni mwake, akarekebisha lenzi mpaka akamwona wazi. Akaingiza filamu. Akamwonyesha ule mpira mdogo wa kubonyeza ulio mwisho wa bomba, akamwambia: bibi akae hapo ulipokaa wewe, usisogeze kitu, hesabu mbili, bonyeza, achia. Kisha akatoka, Hemlata na Mwalimu Jyoti wakaingia, naye akafunga mlango. Akasimama nje pamoja na wanaume wengine, mikono nyuma. Ndani alimsikia Wamboi akisema, kwa sauti ya kazi, "Inua kidevu," halafu wanawake wote watatu wakacheka. Mlango ukafunguliwa. Ilikuwa imechukua dakika nne.

Dakika nne. Mwezi wa kwanza, kamera ilikuwa ileile, na Wamboi alikuwa palepale barazani na sinia la chai. Hakuna desturi ambayo ingevunjwa wala mzee ambaye angefedheheka. Amrik hakufikiria kwa sababu hakuambiwa afikiri, na kwa sababu mwenye bembea alikuwa ameshasema. Alipokuwa akikunja miguu ya kamera alijiona kinyaa.

Afisa hakumpeleka mahakamani. Alimwambia angeweza, na Amrik akasema anajua. Alichofanya ni kulifuta jina lake kwenye orodha, palepale, kwa kalamu. Akaeleza pia, kwa ile sauti yake ya kuchoka, kwamba sahihi ikishakuwa ya uongo mara moja haiwezi kuaminiwa mara nyingine, hivyo kila picha ambayo Amrik aliithibitisha itabidi ithibitishwe upya. Wenyewe watakwenda Nairobi, mmoja mmoja. Yule fundi mawe wa Kalimoni, aliyekuwa bado amekaa ukutani, alikuwa mmoja wao. Aliposikia, aliuliza itakuwaje basi, na hakuna aliyemjibu. Saa tisa afisa alikula chakula cha Himatlal, maana kilikuwa kimepikwa na gari lake lilikuwa bado halijajazwa mafuta.

Ofisi ilihitaji kuandikia Mombasa, na Mombasa kujibu. Meli ya tarehe tano Agosti ikaondoka bila Hemlata. Pasipoti mpya ilifika Thika tarehe kumi na saba, na Hemlata akapanda meli ya tarehe kumi na tisa. Himatlal hakwenda stesheni. Indravadan alimpeleka mpaka kwenye behewa, akarudi kinuni. Tarehe ishirini na tatu ikaja telegramu nyumbani Thika, ikasema mama yake Hemlata amekufa jana yake. Hemlata alikuwa katikati ya bahari na hapakuwa na njia ya kumwambia. Aliambiwa na jirani tarehe thelathini, akiwa mlangoni kwao, begi bado liko mkononi.

Watu wa Jinja walirudisha zawadi za posa wiki ya pili ya Agosti. Nalini alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amekaa alipoambiwa akae, na hakuna aliyemwomba radhi.

Watu mia na kumi na wawili walikwenda Nairobi kuthibitisha picha zao upya. Fundi mawe wa Kalimoni alikwenda mara tatu. Wengi wao walipompita Amrik barabarani walivuka upande wa pili, naye hakuwalaumu.

Himatlal alichaguliwa tena kuwa mwenyekiti mwezi wa kumi na moja. Yeye hakulipa kitu.

Na Hemlata? Angepanda meli ya kwanza, angefika kwao tarehe mbili Agosti. Mama yake alikufa tarehe ishirini na mbili. Hizo ni siku ishirini. Jirani aliandika kwamba mpaka siku ya mwisho alikuwa na akili zake, alikuwa anaongea, na alikuwa anaweza kunywa maziwa akishikiwa bakuli.